Tundu la USB lililolegea: nililipa shilingi 1,500, si 9,000

Laptopu yangu ni ya mwaka 2012, ile aina ya kiofisi inayoletwa kutoka Uingereza ikiwa imeshatumika. Nimekaa nayo miaka sita. Mimi hupiga picha za harusi na ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), kwa hiyo Jumapili jioni huwa nahamisha picha kutoka kwenye kadi kwenda diski ya nje. Mwezi Machi diski ikaanza kukatika. Inaonekana, inapotea, inaonekana tena, na Windows inalia kila mara. Siku moja ilikatika nikiwa katikati ya kunakili picha za ruracio ya familia moja ya Kiambu, na faili nyingi zikakataa kufunguka. Bahati nzuri kadi nilikuwa sijaifuta. Tangu siku hiyo siifuti mpaka niwe na nakala mbili.

Fundi wa kwanza, wa karibu na nyumbani, aliigeuzageuza dakika mbili akasema madabodi, yaani bodi kuu ya ndani, imekufa, nimpe 9,000. Hakuchomeka kitu chochote. Hilo ndilo lililoniudhi, nikaichukua nikarudi nayo nyumbani.

Nilianza na waya wa diski: nikaazima mwingine, hali ikawa ileile. Kisha nikahamia tundu jingine. Laptopu hii ina matundu mawili ya buluu kushoto na moja jeusi kulia. Buluu kwa kawaida ni USB 3.0, yenye pini tisa na umeme wa hadi miliampia 900. Jeusi ni USB 2.0, pini nne, miliampia 500. Kwenye lile jeusi diski ilikaa saa nzima bila kukatika, ingawa polepole sana. Basi diski haikuwa na kosa.

Cha kushangaza, kipanya kilifanya kazi vizuri kabisa kwenye lile tundu bovu la buluu. Nilikaa na jambo hilo siku mbili kabla ya kulielewa. Kipanya kinatumia zile pini nne za zamani tu, na umeme wake ni kidogo mno. Pini tano za USB 3.0 zinaweza kuwa zimeachia, nacho kisijue. Fundi akikupimia tundu kwa kipanya na kukuambia liko sawa, bado hajalipima.

Nilijaribu pia upande wa programu. Nilizima laptopu, nikatoa betri na chaja, nikabonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30. Nikaondoa draiva za USB (programu ndogo zinazoendesha matundu hayo), nikawasha upya ili Windows izisakinishe yenyewe, na nikazuia Windows isizime matundu kwa ajili ya kuokoa umeme. Afueni ilikuwa ya siku moja. Mwishowe niliwasha laptopu kwa Ubuntu, mfumo endeshi mwingine, kutoka kwenye fleshi, bila kuigusa Windows. Diski ikakatika huko pia. Hapo nikaachana na mambo ya draiva.

Nilimulika tochi ndani ya tundu. Hakukuwa na uchafu, ila plagi ilikuwa inacheza: nikiiinua kidogo diski inashika, nikiiachilia inakatika.

Nikaenda Luthuli Avenue, Nairobi, ghorofani, kwa fundi mwenye hadubini mezani. Nilimweleza yote niliyojaribu, akasikiliza hadi mwisho. Akaifungua, akaniita: "Dada, njoo uone." Miguu ya tundu ilikuwa imepasuka lehemu, na pini mbili za nyuma zilikuwa zimeinuka kabisa kutoka kwenye bodi. Madabodi yenyewe haikuwa imekufa. Alitoa tundu la zamani akanikabidhi, akalehemu jipya, na nilipomwomba apime kwa diski badala ya kipanya alikubali bila kununa. Tulinakili gigabaiti 20 nikiwa nimesimama pale. Alinitoza 1,500, risiti ikiwa na dhamana ya mwezi mmoja.

Kasoro zipo. Niliambiwa ni kazi ya muda wa saa mbili, nikasubiri kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Nilipofika nyumbani nikakuta skrubu moja ya chini haipo. Kesho yake nilirudi, akaomba radhi akaiweka. Ningeenda tena kwake hata hivyo, kwa sababu alinionyesha ugonjwa kabla ya kunitajia bei.

Sasa ni miezi mitatu. Kadi ya gigabaiti 64 inahama kwa takriban robo saa, na ile milio sijaisikia tena. Kwa sasa waya wa diski nauchomoa kwa kuuvuta moja kwa moja, na laptopu siiweki mapajani diski ikiwa imechomekwa, maana naamini hivyo ndivyo nilivyolilegeza lile la kwanza. Tundu la pili la buluu halikuguswa, nalo limeanza kucheza kidogo. Nitalipeleka kabla harusi za Desemba hazijaanza.