Altezza yangu haikutaka kushushwa, ilitaka bushi

Watu wakisikia Altezza, gari la Toyota, wanamfikiria kijana wa muziki mnene na ekzosi kubwa kama kopo la maziwa. Yangu ni RS200 ya mwaka 2001, gia sita za mkono, na anayeiendesha ni muuguzi mwenye watoto wawili. Kila nikiingia gereji naulizwa, "Dada, gari la bwana hili?" Nimeshazoea. Ni la kwangu.

Injini ya 3S-GE kila mtu anaisifia, nguvu za farasi 210 bila turbo, sawa. Mimi utamu wake nauona chini. Toyota waliipa dabo wishiboni mbele na nyuma, yaani kila gurudumu limeshikwa na amu, ile mikono ya chuma, za juu na za chini, ili tairi libaki limekanyaga lami hata gari likilalia upande kwenye kona. Uzuri huo una gharama yake: amu nyingi maana yake bushi nyingi, zile raba za kwenye maungio ya amu, na raba ya 2001 leo siyo raba tena, ni biskuti.

Hilo nililijua nikiwa nimeshachelewa. Gari lilipoanza kugonga chini na usukani kuyumba, nilikimbilia dukani nikanunua koilova za bei chee, shokapu na springi kwa pamoja, zile unazoshusha gari kwa kuzungusha ringi na spana. Muuzaji aliniahidi gari "litalala kama nyoka". Lililala kweli. Kila tuta kutoka Chalinze hadi Segera lilikwangua tumbo, na kwenye rasta meno yaligongana. Shokapu inahitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Ukiishusha ukaimaliza nafasi hiyo, shimo dogo tu linaifikisha mwisho, gari linadunda juu ya kile kiraba cha kikomo na tairi linaachia lami. Kwetu ni Soni, na barabara ya kupanda kutoka Mombo ni kona juu ya kona. Gari nililolinunua kwa ajili ya kona likawa linarukaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Na kugonga kulikuwa palepale, kwa sababu kilichokuwa kinagonga hakikuwa shokapu tangu mwanzo.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee, Buguruni, Dar. Gereji yenyewe ni mwembe, mabati manne na redio ya taarabu. Nikamwambia nataka shokapu nyingine. Hakunijibu. Akapiga jeki mbele, akachukua mtaimbo, akausokomeza chini ya gurudumu, akaunyanyua kidogo. Tak. Akarudia. Tak. "Mwanangu, unasikia? Hiyo boljointi ya chini, kiungo kinachoshika gurudumu kwenye amu. Ikichomoka ukiwa mwendoni, gurudumu linalala, na wewe unalala nalo." Halafu akanionyesha bushi za amu za chini, zimepasuka mpaka kidole kinaingia.

Tukaandika upya: boljointi mbili za chini, bushi za amu za mbele, linki za stabilaiza, kile chuma kinachopunguza gari kulala kwenye kona, na shokapu nne za Kayaba, zile nyeusi za Excel-G. Ni za gesi na zimetengenezwa kulirudisha gari kwenye hali yake ya kiwandani, siyo za mbio. Springi za kawaida nilipata za mtumba Gerezani, maana za kwangu nilikuwa nimeshaziuza kwa ujinga wangu. Spea zote zilikula milioni moja na laki tatu, ufundi laki moja na nusu. Koilova nilimuuzia kijana mmoja, nikamwambia ukweli wote, akazichukua hivyohivyo.

Nitakachomsifia mzee maisha yangu yote ni namna alivyokaza boliti. Alifunga kila kitu kwa mkono tu, akashusha gari likakanyagia mbao nne, akamwita kijana wake aketi kwenye usukani, akalitikisa gari mara tatu likakaa sawa. Ndipo akaingia chini na spana kubwa. Nilidhani ni mbwembwe. Akanieleza kwamba bushi ya raba imegandishwa kwenye chuma ndani na nje, haizunguki, inajisokota. Ukiikaza gurudumu likiwa linaning'inia, gari likishuka raba inakuwa imesokotwa muda wote hata ukiwa umeegesha, na haimalizi mwaka. Nikakumbuka bushi nilizofungiwa gereji nyingine, yenye sakafu ya vigae na bili yenye muhuri. Zilidumu miezi mitano. Pale walikaza gari likiwa juu ya jeki, nililiona kwa macho yangu, sikujua ninachokiona.

Kasoro za mzee zipo. Siku tatu zilikuwa sita. Risiti hana, na simu akiwa chini ya gari hapokei. Wili alaimenti, kunyoosha mkao wa magurudumu, inabidi uende kwingine, na uende siku hiyohiyo, la sivyo tairi litaliwa upande wa ndani.

Matokeo? Kwa macho huoni chochote. Wapwa zangu wananicheka, wanasema gari limesimama kama Noah. Lakini usukani sasa ukiuelekeza unaenda, hauhitaji kubembelezwa. Tuta ni "dup" moja, basi. Binti yangu wa pili hutapika kila tunapopanda Soni, tangu ana miaka miwili. Mfuko wa rambo hukaa mfukoni mwa kiti tayari. Desemba alipanda kona zote akinisimulia habari za shule, mfuko tukarudi nao Dar mkavu.

Nyuma bado. Boliti moja ya kurekebishia gurudumu la nyuma imeshikana na kutu ya chumvi ya Dar, mzee anasema itabidi aikate na alete nyingine. Nimeshamlipa nusu. Ameniambia Jumatatu, kwa hiyo nimeomba ruhusa ya Alhamisi.