Muziki vyumba vitatu bila kupishana: uzoefu wangu na piCorePlayer na Lyrion

Nyumbani kwetu Tabata muziki unalia sebuleni, jikoni na barazani kwa wakati mmoja, na ukitembea kutoka huku kwenda kule husikii mwangwi wowote. Mfumo wote unaendeshwa na kompyuta ndogo za Raspberry Pi, programu zake ni za bure, na nimeshaishi nao vya kutosha, Ramadhani nzima ikiwemo, hata naweza kuusifia bila wasiwasi.

Kando ya ruta kuna Raspberry Pi 3 B+ iliyounganishwa kwa kebo. Hiyo ndiyo seva: imebeba Lyrion Music Server, programu inayotuma muziki kwa kila chumba, na flashi yenye nyimbo zetu zote, na yenyewe pia inapiga spika za sebuleni. Jikoni na barazani kuna Raspberry Pi Zero 2 W moja moja, kila moja na bodi ya DAC (inayogeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti ya spika) na amplifaya yake. Bodi zote tatu za Pi zinatumia piCorePlayer, mfumo mdogo wa Linux uliotengenezwa kwa kupiga muziki tu. Lyrion ndiyo ile iliyokuwa ikiitwa Logitech Media Server. Logitech waliinunua Slim Devices mwaka 2006, mwaka 2012 wakaachana na redio zao za Squeezebox, lakini programu ikaendelea kutunzwa na watumiaji, na mwaka 2024 ikapewa jina hili jipya. Nazipenda sana programu za aina hii, ambazo watu wamekataa zife.

Kupiga wimbo mmoja vyumba vitatu si kazi. Kazi ni kuuzuia usipishane. Kila bodi ina saa yake ya ndani, na hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Zikitofautiana sehemu 50 tu kwa milioni, baada ya saa moja bodi moja itakuwa imeiacha nyenzake kwa milisekunde 180, na hapo nyumba nzima inakuwa kelele tupu. Kwa kulinganisha, sauti hewani hutumia kama milisekunde 3 kwa kila mita, kwa hiyo upishano mdogo sikio halina habari nao. Ukianza kuvuka milisekunde 30 au 40, mwangwi unajitokeza. Lyrion huangalia kila bodi imefika wapi, iliyotangulia ikasubirishwa kidogo na iliyochelewa ikasukumwa mbele. Kipimo changu ni dufu, kwa sababu mpigo wake ni mkavu: nasimama kwenye korido kati ya jikoni na sebule na kusikiliza. Mpigo ukisikika mara mbili, mambo hayajakaa sawa. Bodi ya jikoni ilikuwa inachelewa kidogo, nikairekebisha kwenye mipangilio ya bodi hiyo, ambako unaandika milisekunde unazotaka. Tangu hapo dufu linapiga mara moja tu.

Sababu kubwa ya kuchagua piCorePlayer ni umeme. Mfumo wa kawaida wa Linux huandika kwenye memori kadi muda wote, na umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika. piCorePlayer ikishawaka inahamia yote kwenye RAM na kuiacha kadi ipumzike. Umeme ukikatika, bodi inazimika. Ukirudi, inawaka na kuitafuta seva yenyewe bila mtu kugusa chochote. Ila ukihariri faili kwa mkono, lazima uhifadhi kwa amri yake, la sivyo ukizima mabadiliko yanapotea. Seva ni habari nyingine, kwa sababu Lyrion ina hifadhidata inayoandikwa kila mara. Hiyo nimeiweka kwenye betri ndogo ile ile inayobeba ruta.

Zero 2 W haina tundu la spika, kwa hiyo bodi ya sauti ni lazima. Nilitumia zile ndogo zenye chipu ya PCM5102A, ambazo ni rahisi kuliko bodi zenye majina, na kwa masikio yangu zinasikika safi sana, bila ule mchakacho wa tundu la Pi 3. Nyaya ni tano tu, majina ni yale yaliyoandikwa kwenye bodi ya sauti na namba ni za pini za Pi: umeme pini ya 2, ardhi pini ya 6, BCK pini ya 12, LCK pini ya 35, DIN pini ya 40. Kisha ile iliyoandikwa SCK inaungwa na ardhi palepale kwenye bodi kwa tone la risasi. Zero za kawaida huja bila pini, hivyo kama huna mkono wa kulehemu mpelekee fundi redio wa mtaani na umwandikie namba hizo kwenye karatasi. Kwenye piCorePlayer unachagua HiFiBerry DAC, na sauti inatoka.

Amplifaya ni za chipu ya TPA3116, zimejaa Kariakoo. Ipe adapta yake na bodi ya Pi adapta yake. Ukizilisha zote mbili kutoka chanzo kimoja cha volti 12, mara nyingi utasikia mvumo kwenye spika hata muziki ukiwa umesimama. Na adapta ya bodi iwe ya ampea 2.5 kweli, maana chaja nyingi za simu hazifiki. Waifai ya Zero 2 W ni ya gigahezi 2.4 pekee. Inavuka ukuta wetu mmoja wa tofali vizuri. Kuta mbili ilianza kukwama, nikaisogeza ruta.

Kwa matumizi ya kila siku, weka nyongeza ya Lyrion iitwayo Material Skin. Mama yangu anaifungua kwenye simu, anagusa jikoni, anachagua redio yake, na sisi sebuleni tunaendelea na yetu. Kila bodi pia ina kengele yake. Wakati wa daku kaswida ilianza taratibu vyumba vya ndani tu, baraza likabaki kimya, na majirani hawakusumbuliwa.

Kwa sauti ya televisheni siushauri, kwa sababu ucheleweshaji unaonekana kwenye midomo ya watu. Spika za bluetooth usiziingize kwenye kundi, kila moja huchelewa kivyake. Spotify inakubali kwa nyongeza, mradi akaunti yako iwe ya kulipia. Snapcast, programu nyingine ya kupiga muziki vyumba vingi, nayo ni kazi nzuri sana, na kwa kulinganisha sauti sina neno nayo, lakini hiyo hugawa tu sauti; kupanga nyimbo unahitaji programu nyingine pembeni, kwa mfano MPD. Kama umezoea Linux utaifurahia. Kwa nyumba ambayo mama, watoto na wageni wote wanashika simu na kuchagua wimbo, mimi ningeanza na Lyrion, na ningeanza na vyumba viwili, nipime Waifai kwanza kabla ya kununua bodi ya tatu.