Kibadilisha vipimo cha Google kwa mafuta ya gari: hesabu ni safi, angalia galoni

Ukitaka tu kugeuza namba za ulaji wa mafuta, kibadilisha vipimo kilichomo ndani ya Google kinatosha kabisa. Hupakui programu yoyote. Kundi lake la mafuta lina vipimo vinne: kilomita kwa lita, lita kwa kilomita 100, maili kwa galoni ya Marekani na maili kwa galoni ya Uingereza. Hivyo vinne vinakufikisha karibu kila mahali: Japani na India husema kilomita kwa lita, Ulaya na Australia lita kwa kilomita 100, Marekani na Uingereza maili kwa galoni.

Hesabu zake ni sahihi. Kosa huingia mtu anapochagua galoni. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546, lakini kwenye maelezo ya gari zote mbili huandikwa mpg tu, yaani maili kwa galoni. Chukua gari lililoandikwa 40 mpg. Ukichagua galoni ya Marekani unapata kilomita 17 kwa lita; ukichagua ya Uingereza unapata 14.2. Katika safari ya kilomita 1,000, pengo hilo ni karibu lita 12. Kwa hiyo kabla ya kugusa kisanduku, jiulize maelezo hayo yameandikwa kwa soko gani. Uingereza pampu huuza kwa lita, ila ulaji bado hutajwa kwa galoni yao, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Mtego wa pili ni lita kwa kilomita 100, kwa sababu kipimo hiki kimegeuzwa kichwa chini: namba ikishuka, gari linatumia mafuta machache zaidi. Huwezi kuzidisha kwa namba moja kama unavyogeuza maili kuwa kilomita, unagawanya. Gawanya 100 kwa namba ya kilomita kwa lita. Ukianza na mpg ya Marekani, gawanya 235.2 kwa namba hiyo. Kwa ya Uingereza, gawanya 282.5. Kuna namba moja tu inayolingana pande zote mbili, nayo ni 10: kilomita 10 kwa lita ni sawasawa na lita 10 kwa kilomita 100. Iandike kwanza. Isipotoka 10, umechagua kisanduku kisicho chake.

Hapa ndipo chombo hiki kinapungukiwa, na ni pungufu la maana: kinageuza namba mojamoja, hakikuonyeshi maana yake. Kutoka kilomita 6 hadi 8 kwa lita kunaonekana hatua ndogo kuliko kutoka 15 hadi 20. Zigeuze zote: la kwanza linashuka kutoka lita 16.7 hadi 12.5 kwa kilomita 100, la pili kutoka 6.7 hadi 5. Anayeachana na gari la kilomita 6 anaokoa lita 4.2 kila kilomita 100, mwenzake 1.7 tu. Ndiyo maana tunashauri kulinganisha magari kwa lita kwa kilomita 100, hata kama umezoea kipimo kingine.

Wastani nao una hila. Kilomita 100 kwa ulaji wa kilomita 10 kwa lita, kisha kilomita 100 nyingine kwa 20, si wastani wa 15. Umechoma lita 10, ukaongeza 5; kilomita 200 kwa lita 15 ni 13.3.

Magari ya umeme msiyalete humu. Lebo za Marekani huyapa MPGe, yaani maili kwa umeme unaolingana na galoni ya petroli, ambapo galoni moja huhesabiwa kuwa kilowati-saa 33.7. Ukiingiza 100 MPGe kama mpg ya kawaida, utaletewa lita 2.35 kwa kilomita 100, mafuta ambayo gari hilo halinywi. Gawanya 2,094 kwa MPGe upate kilowati-saa kwa kilomita 100. Hapa ni karibu 21.

Namba ya kuingiza iwe umeipima mwenyewe. Vipimo vya maabara hutofautiana: Ulaya ilianza kuhama kutoka utaratibu wa zamani wa kupima, NEDC, kwenda mpya, WLTP, mwaka 2017, na gari lilelile likipimwa kwa NEDC kwa kawaida huonekana kula mafuta machache kuliko kwa WLTP. Jaza tanki hadi pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, rudisha mita ya safari kwenye sifuri, endesha angalau kilomita 300, kisha jaza tena kwa namna ileile, ikiwezekana pampu ileile. Usiongeze matone baada ya pampu kukata, maana hata lita moja huvuruga jibu. Kilomita 412 kwa lita 33.6 ni 12.26 kwa lita. Iingize: inatoka lita 8.16 kwa kilomita 100, 28.8 mpg ya Marekani na 34.6 ya Uingereza.