tlmgr kando ya apt: mwaka mmoja wa kupanga tasnifu kwa TeX Live jijini Mbeya

Kazi yangu ni kupanga na kuchapisha tasnifu na ripoti za utafiti hapa Mbeya, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaofika na faili la LaTeX, lugha ya kupangia maandishi kwa amri, kwenye flashi siku chache kabla ya kukabidhi. Kwa muda mrefu nilitosheka na TeX Live, mkusanyiko wa programu na vifurushi vya LaTeX, inayosakinishwa kwa apt, kisakinishi cha programu cha mfumo wa Linux uitwao Ubuntu, toleo la 20.04, hadi alipokuja mwanafunzi wa kilimo aliyepima mavuno ya viazi mviringo. Sura yake ya matokeo ilijaa tani kwa hekta, zote zikiwa zimeandikwa kwa amri ya \qty ya siunitx, kifurushi cha LaTeX cha kuandikia tarakimu na vipimo, na kila ilipotokea amri hiyo kompyuta yangu ilidai haiijui. Mwanafunzi hakuwa amekosea. Amri hiyo iliingia katika siunitx toleo la 3, lililotoka mwaka 2021, ilhali Ubuntu 20.04 imebeba TeX Live ya mwaka 2019 na haiongezi matoleo mapya hata ukisasisha kila asubuhi, kwa sababu distro (mfumo wa Linux uliofungashwa pamoja na programu zake) ya aina hiyo hugandisha programu zake ili zisibadilike ghafla mikononi mwa watumiaji.

Ndipo nilipoamua kusakinisha TeX Live moja kwa moja kutoka kwa waitengenezao, pamoja na tlmgr, kisimamizi chake cha vifurushi ambacho kimekuwepo tangu toleo la mwaka 2008. Ubuntu nayo ina tlmgr, lakini hiyo hufanya kazi ndani ya folda ya mtumiaji pekee, na hukataa kuendelea ikigundua kwamba hazina ya mtandaoni ni ya mwaka mpya kuliko TeX Live iliyomo kwenye kompyuta. Kwangu haikufaa kitu.

Huku kwetu ukitaja kifurushi mtu hufikiria kwanza cha intaneti, na kazi hii hula vifurushi vya aina zote mbili. TeX Live kamili huchukua zaidi ya GB 7 za diski, kwa hiyo anayelipia bando asiithubutu. Nilichagua mpango mdogo wa msingi, nikazuia nyaraka za maelezo na misimbo chanzi visishushwe, kisha nikawa naongeza kifurushi kimoja kimoja kadiri kazi ilivyodai. Hapo ndipo tlmgr ilipoonyesha thamani yake: faili lenye mwisho wa .sty likikosekana, amri ya kutafuta hukuambia limo katika kifurushi kipi, nawe unakivuta bila kushusha mkusanyiko mzima kama apt inavyokulazimisha. Aidha, nikiwa nimeiweka ndani ya folda yangu mwenyewe, sihitaji nywila ya msimamizi wa mfumo.

Tatizo liko kwenye ujirani wa TeX Live mbili, ya apt na ya tlmgr, na hapa sitamdanganya mtu. Wiki ya kwanza niliziacha zote kwenye kompyuta moja, nami nikapanga vibaya njia za kutafutia programu, hivyo biblatex, inayoandika marejeo ndani ya tasnifu, ikawa inatoka upande mpya, na biber, inayoichambua na kuipanga orodha yake, upande wa zamani. Programu hizi mbili zinataka matoleo yanayolingana; zisipolingana, biber hukataa faili la udhibiti inaloandikiwa na biblatex, na orodha ya marejeo hutoka tupu. Nilipoteza alasiri nzima nikilaumu faili la mteja. Tangu siku hiyo niliiondoa TeX Live ya apt kabisa, nikatumia equivs kutengeneza kifurushi tupu kinachoiridhisha apt kwamba TeX Live tayari ipo, maana bila hicho programu ya kuhariria inaweza kuirudisha ile ya zamani kimyakimya.

Kasoro ninayoona ni kubwa zaidi ni ya kila mwaka. Toleo jipya la TeX Live likikaribia, la zamani hugandishwa, na tlmgr haiwezi kukuvusha kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine kwa amri ya kawaida ya kusasisha; unasakinisha upya katika folda nyingine yenye jina la mwaka. Kwa mtu anayeandika barua na mtihani wa darasa, usumbufu huo hauna sababu, na ningemshauri abaki na ya apt. Kwa anayepokea mafaili ya watu wengine, yaliyoandikwa kwa matoleo asiyoyachagua, naipa tlmgr alama nne kati ya tano, na ile moja nimeizuia kwa ajili ya uhamisho huo. Mimi folda ya mwaka uliopita siifuti hadi tasnifu ya mwisho iliyoanzia humo itiwe jalada gumu, kwa kuwa msimamizi wa mwanafunzi anaweza kurudisha kurasa mbili za masahihisho, na zikipangwa na toleo jingine mistari inaweza kuhama na yaliyomo yakataja kurasa zisizo zake.