Fundi wa Mlandege na mashine ya gemu ya marehemu ami

Kwa wanaouliza kama Unguja bado kuna fundi wa zile mashine kubwa za gemu za kusimama: yupo, yuko Mlandege, na nishamlipa kwa mkono wangu. Nampa nyota nne. Ya tano kaipoteza mwenyewe, nitasema kwa nini.

Mimi nauza urojo Kikwajuni. Barazani kwangu ipo Street Fighter II, ile ya Capcom ya mwaka 1991, aliyoileta marehemu ami kutoka Dubai. Watoto wakitoka chuoni jioni wanacheza huku wakisubiri bakuli zao. Nusu yao wanafuata Ryu na Chun-Li, wapiganaji wa ndani ya gemu hiyo, si bajia zangu, na sioni haya kulisema.

Siku ya pili ya Idi, watu wamejaa, nikaiwasha. Taa ya juu ikawaka, feni ya nyuma ikavuma, kioo kikabaki cheusi ti. Sauti hakuna.

Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, hakumaliza dakika kumi. Taa inawaka, feni inazunguka, yeye anabadilisha fyuzi! Kisha akanambia bodi, yaani ule ubao wa chipu unaoendesha gemu, imekufa, nitoe laki tatu aniletee ya Kichina yenye gemu sitini. Nikamshukuru, nikamfungia urojo wa kwenda nao.

Huyu wa Mlandege ni mtu mzima, na kabla ya kugusa kitu aliuliza. "Mwanangu, ilizimika ghafla, au kabla ya hapo ilikuwa na vituko?" Hapo ndo nikakumbuka kuwa wiki nzima ilikuwa ikijianza upya katikati ya mchezo, watoto wanapiga kelele za kudhulumiwa. Mzee akaguna. "Basi haijafa. Ina njaa."

Akatoa mita. Ndani mna kijisanduku cha powasaplai kinachochukua umeme wa ukutani na kutoa volti 5 za bodi na 12 za sauti. Akapima pale zinapotokea: 5.02. Nzuri. Halafu akahamisha ncha za mita akapima juu ya bodi yenyewe, mashine ikiwa bado inawaka: 4.41. Akanionesha namba kama mtu anayekuonesha mizani ya mpunjaji. Chipu za bodi hizi zinataka 5, na zikipata chini ya 4.75 huanza kubabaika. Anayepima kwenye powasaplai tu ataona 5 yake, aseme bodi mbovu, akuuzie nyingine.

Nusu volti na zaidi ilikuwa inapotea njiani, kwenye ile plagi ndefu ya JAMMA, mtindo wa plagi wa mashine nyingi za gemu, inayoshika ukingo wa bodi, meno 28 juu na 28 chini. Alipoichomoa, meno yalikuwa ya kijani kama sinia la shaba lililosahauliwa uani. Mawili ya njia ya volti 5 yalikuwa yameunguza plastiki ikawa rangi ya kahawa. Upepo wa chumvi huo, bahari haiko mbali nasi. Ukingo wa bodi aliusugua kwa ufutio wa skuli, tena taratibu, kisha pamba na spiriti. Plagi akaweka nyengine, akalehemu waya mmoja mmoja. Akapima tena: 4.96. Kwenye powasaplai ipo skrubu ndogo ya kuongezea volti, na hakuigusa. Alisema wenye haraka huizungusha hiyo, gemu ikarudi, na lile jino likazidi kuungua.

Picha ikatoka, lakini ikicheza pembeni. Akazima, akachomoa ukutani, akasubiri, kisha akachukua bisibisi ndefu aliyoifunga waya unaokwenda kwenye fremu ya chuma, akaipenyeza chini ya kofia ya mpira iliyo kwenye chogo la kioo. Mkono mmoja kauweka mgongoni. Tap! Umeme uliobaki ukatoka. Vioo hivi vya chogo hubeba maelfu ya volti na huweza kubaki nazo hata mashine ikiwa imezimwa. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa akichungulia, tangu hapo hapiti nyuma ya mashine. Baada ya hapo mzee alirudishia risasi ya kulehemu sehemu mbili zilizopasuka, na picha ikatulia.

Bei: elfu kumi za kuja kupima, akazikata kwenye jumla ya elfu arubaini na tano. Sikuamini.

Sasa lawama. Alisema Jumatatu, akaja Alkhamisi. Simu hapokei, mfuate mwenyewe baada ya laasiri, mapema utakuta kufuli. Na kitufe cha teke kubwa upande wa mchezaji wa pili bado kinanata. Ameahidi kuleta swichi yake, wiki ya tatu hii. Watoto wameshajua, kila anayefika anagombea upande wa kushoto.