Uzoefu wangu: kikundi cha hisa kama chanzo cha mtaji wa kwanza

Kwa mtu asiye na hati ya nyumba wala mdhamini, kikundi cha kuweka na kukopa ndicho chanzo cha mtaji ninachokipendekeza kabla ya kingine chochote. Nazungumzia mfumo ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991: watu 15 hadi 25 wanaojuana, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo mikononi mwa wanachama watatu wasio viongozi. Fedha huingia na kutoka mkutanoni tu, mbele ya wote.

Kila mkutano mwanachama hununua hisa moja hadi tano, zikagongwa muhuri kwenye kitabu chake. Bei ya hisa hupangwa mwanzoni mwa mzunguko, yaani kipindi cha kuweka na kukopa kinachoishia kwa mgao wa fedha kwa wanachama, na haibadiliki mpaka uishe. Hapa vikundi vingi hukosea. Wenye uwezo huipandisha, kisha wa kipato cha chini hushindwa hata hisa moja, nao ndio waliouhitaji mtaji. Bei ipimwe kwa mnyonge kuliko wote, katika wiki yake mbaya. Mwenye nacho atanunua tano, hapungukiwi kitu.

Kikomo cha mkopo kwa kawaida ni mara tatu ya akiba yako, lakini usikichukue kama ahadi. Piga hesabu: wanachama 20, kila mmoja hisa 3 kwa wiki, baada ya wiki 12 una hisa 36 na sanduku lina 720. Kikomo chako ni thamani ya hisa 108. Watu sita wakichukua kikomo, 648 zimeondoka, na 14 waliobaki wanagombea 72. Katiba iseme tangu mwanzo kwamba maombi yakizidi fedha, yote yatapunguzwa kwa uwiano.

Uliza pia riba inatozwa kwenye nini. Mkopo wa hisa 60 kwa miezi mitatu, riba asilimia 5 kwa mwezi: ikitozwa kwenye mkopo wote, utalipa 9. Ikitozwa kwenye deni lililobaki, nawe unapunguza 20 kila mwezi, utalipa 6. Kinachonipendeza ni kwamba sehemu ya riba hiyo hukurudia kwenye mgao, kulingana na hisa zako.

Udhaifu wake ni muda. Marejesho ya miezi mitatu yanafaa biashara inayozungusha bidhaa haraka: kununua na kuuza, kupika, kushona kwa oda. Vifaranga vya kutaga haviwezi. Deni litaiva kabla ya yai la kwanza. Kwa jokofu au cherehani, subiri mgao wa mwisho wa mzunguko, unaokuja kwa mkupuo na bila deni.

Ukiona mkopo mpya unalipa wa zamani, au mfuko wa jamii, ambao ni wa misiba na magonjwa, unakopeshwa kwa biashara, usiongeze hisa mpaka jambo hilo lijadiliwe. Mkopo wa nje katika mzunguko wa kwanza nao ni hatari: watu huuona kama fedha ya bure, marejesho yakalegea.

Mikopo yote irudi wiki chache kabla ya mgao. Anayepanga kufungua biashara kwa mkopo mwezi huo hataupata, kwa hiyo ombi lake liwe limepita katikati ya mzunguko.