NPTEL na SWAYAM za India: nimesoma kozi nzima mpaka mtihani, haya ndo niliyoyaona

Wadau habari zenu. Mi nasoma kompyuta hapa Pune, India, na watu kibao wa nyumbani Tanzania wananiuliza kuhusu zile kozi za mtandaoni za serikali ya huku, kama ni za kweli au ni za kukumalizia bando tu. Muhula uliopita nimesoma moja mwanzo mwisho na mtihani nikafanya, kwahiyo naongea nilichokipitia.

Kwanza majina, maana watu wanayachanganya. NPTEL ni mradi wa kozi za video ulioanza 2003, IIT saba (vyuo vikubwa vya teknolojia vya serikali) pamoja na IISc, taasisi ya sayansi ya Bangalore, wakaanza kurekodi vipindi vyao ili hata mwanafunzi wa chuo kidogo cha mkoani asomeshwe na mwalimu yule yule wa IIT. Vyeti vikaja 2014. SWAYAM ndo jukwaa la taifa zima, lilizinduliwa Julai 2017, humo utakuta kozi za NPTEL na za taasisi nyingine pia, mpaka biashara, sheria na lugha. Neno lenyewe asili yake ni Kisanskriti, maana yake "mwenyewe", na kweli humo unajisukuma mwenyewe.

Mi nilichukua kozi ya databesi ya NPTEL, ya Profesa Partha Pratim Das wa IIT Kharagpur, wiki 8. Aisee yule mzee anafundisha! Video hazina mbwembwe, ni slaidi na sauti yake tu, kama nusu saa kila moja, ila hakuachi njiani. Kuna sehemu anachukua jedwali moja la walimu, mishahara yao na idara zao, jengo la idara limeandikwa upya kwenye kila mstari, halafu anakuuliza idara ikihama jengo utabadilisha mistari mingapi, na ukisahau mmoja je? Ndo hapo anaanza kuligawa lile jedwali taratibu mbele ya macho yako. Darasani nilikuwa nakariri kanuni za kugawa majedwali bila kujua zinatibu ugonjwa gani, pale nilielewa siku hiyo hiyo na sijasahau mpaka leo. Lafudhi ya Kihindi ikikusumbua mwanzoni punguza spidi, wiki ya pili sikio linazoea, na maandishi ya vipindi yapo unaweza kushusha ukasoma.

Kinachoifanya hii kozi isiishie njiani kama zile nyingi tunazoanzaga na kuacha ni asaimenti ya kila wiki. Mwisho wa kutuma ni Jumatano saa 5:59 usiku kwa saa za India, yani nyumbani inakuwa saa 3:29 usiku, ikipita imepita. Wiki ya tano niliisubirisha mpaka usiku wenyewe, intaneti ya hosteli ikakata saa tano na nusu, nikatoka mbio kumwamsha jirani anirushie data ya simu yake, nikatuma zikiwa zimebaki dakika nne. Kuanzia hapo namaliza Jumatatu. Nashukuru kwenye kozi ya wiki 8 wanachukua asaimenti 6 zilizo bora, ukiharibu mbili haujafa.

Kusoma ni bure kabisa ila mtihani nililipia rupia 1,000, na unaufanyia kituoni kwenye kompyuta, msimamizi yupo, kitambulisho mkononi (mi nilienda na pasipoti). Mtihani una alama 75, asaimenti 25, na kupata cheti lazima ufikishe 30 kwenye mtihani na 10 kwenye asaimenti, huwezi kubebwa na upande mmoja. Mi nilipata 71, cheti kikaja kimeandikwa daraja la Elite, daraja la juu yake la Silver linaanzia 75, iliniuma kidogo lakini zile ni alama zangu halali. Na kwa tuliopo vyuo vya huku, kanuni za 2021 za UGC (tume ya vyuo vikuu ya India) zinaruhusu mpaka asilimia 40 ya kozi za muhula zitoke SWAYAM, ila chuo chako lazima kiwe kimekubali, kwahiyo kaulize idarani kabla hujajisajili sio baada.

Sasa kwa walioko nyumbani nisiwadanganye, vituo vya mtihani viko huku India, kwahiyo kupata cheti ndo kazi. Lakini masomo hayajafungwa, hata bila cheti unapata kila kitu. Mdogo wangu yuko Morogoro, nilimuunganisha na kozi ile ile, anashusha video chuoni kwenye waifai kisha anaangalia geto bila bando, na maswali yake sa hivi yananitoa jasho.

Kitu kingine nilichokipenda, hawajawasahau wasio na intaneti. Kuna SWAYAM Prabha, chaneli za TV za bure kwa dishi zinazorusha masomo saa 24, kipindi kinarudiwa mara kadhaa kwa siku ili aliyekuwa kazini asikikose. Vyuo vyetu vina maprofesa wazuri sana, na vipindi vyao vinaishia kwenye kuta za lekcha, mi natamani mno na sisi tuwarekodi hivi kabla hawajastaafu.

Mihula inaanza Januari na Julai, kujisajili unahitaji imeili tu. Anza na kozi moja, usichukue tatu.